Maji ya Moto ya Alfajiri Tukuyu

Bweni la Wasichana,
Chuoni, Tukuyu.
Jumapili mchana, mvua inanyesha.

Mama yangu,

Kabla sijakuamkia, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Saumu ninayelala naye chumba kimoja: sitaki tena kuhama Tukuyu. Nimeliandika haraka lisije likanirudi tumboni. Najua Baba ameshazungumza na rafiki yake wa Tanga, na nafasi ya kuhamia chuo cha huko muhula ujao ipo. Najua pia kwamba ni mimi niliyelia kwenye simu mpaka akaanza kuhangaika. Sasa naomba nibaki.

Basi, shikamoo Mama. Mguu wa Bibi unaendeleaje? Anaweza kufika barazani kwa jirani peke yake, au bado anashikwa mkono huku akiwagombeza wanaomshika? Na Idi, ameacha kulala na viatu vyake vipya? Mimi ni mzima. Kifua kinanibana mara mojamoja asubuhi, sitakudanganya, lakini si kama mwanzo.

Utajiuliza kwa nini naandika karatasi wakati simu ipo. Mama, kwenye simu Baba huweka spika. Shangazi anauliza kama nimenenepa, Idi anataka nimsikilizishe mvua, na mimi maneno yananikauka. Unanijua, mgeni akija nyumbani nilikuwa natokea mlango wa uani. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Mzee Kombo, fundi cherehani wa sokoni hapa ambaye marehemu baba yake alitoka huko kwetu Pangani, anakwenda Tanga kwenye harusi ya mpwa wake. Yeye ndiye atakayeifikisha barua hii mpaka nyumbani. Tafadhali isome kwanza peke yako, halafu uchague saa ya kumwambia Baba.

Nianzie mwanzo. Mvua ya huku hainyeshi ikapita kama ya kwetu. Inakaa, kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Maji ya bomba yanashuka kutoka mlimani, na saa ya Alfajiri ukinawa mkono wa kwanza, wa pili unakataa. Wiki ile tuliyofika Saumu alinunua sokoni hita ya umeme, ile ya kuchovya kwenye ndoo. Bwenini ni marufuku, ila sisi tuliotoka pwani karibu wote tunayo. Siku moja tukiwa tumejifunika blanketi moja, meno yanagongana, Saumu akasema, "Rukia, tuhame. Watu wa bahari tumefuata nini kwenye friji?" Tukashikana vidole tukaapa kwamba tutahama wote, hakuna wa kumwacha mwenzake. Kesho yake ndiyo nikawapigia simu nikilia.

Wakati huohuo chuo kilikuwa na shida yake. Kila alfajiri swichi kuu ya bweni ilikuwa inajikata, giza linaingia, na matumizi ya umeme ya chuo kizima yalikuwa yanapanda saa hiyohiyo, saa ambayo watu wanatakiwa wawe wamelala. Kuna kamati ya nishati na mazingira hapa, kazi yake kuangalia umeme, kuni, maji na taka za chuo. Ikaanza kumtafuta mwizi wa umeme. Wanakamati karibu wote ni wa hukuhuku, wa Lupepo, wa Suma, wa Kisiba, watu waliokua wakioga maji ya baridi kabla ya kwenda shule. Haikuwaingia akilini kwamba kuna mtu anaamka kuchemsha maji ya kunawia miguu. Wakazima taa za njiani. Wakabadilisha balbu za maktaba. Wakamgombeza mlinzi wa lango kwa ajili ya kiredio chake. Mita ikaendelea na mambo yake.

Mwenyekiti wa kamati ni Madamu Tusekile, mwalimu wetu wa mazingira. Ni mwanamke mfupi, mzaliwa wa Suma, ana shahada nyingi na sweta moja la kijani lililochoka viwiko. Akaamua aje mwenyewe kabla ya adhana, na buti zake za mpira, atembee kwenye korido. Baadaye alituambia alidhani bweni zima linakoroma. Zilikuwa ndoo, zote zinaunguruma kwa pamoja.

Akagonga kwetu. Saumu akaitupia ndoo kanga, mimi nikafungua.

"Ugonile, wanangu," akasema. Ndiyo salamu ya huku ya asubuhi.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba. Hiyo kanga inafuka moshi, au ndiyo mitindo ya pwani?"

"Nguo mbichi, Madamu," Saumu akajibu bila kupepesa. "Tunaikausha."

"Kwenye ndoo?"

Akainama ainue kanga, na waya ulikuwa umelala kwenye maji yaliyomwagika. "Usiguse, Madamu, itakurusha!" Ilikuwa sauti yangu, Mama. Maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia mwalimu wa chuo, na niliyapiga kelele. Nikachomoa waya ukutani, halafu nikatamani nijichomoe na mimi.

Hakukasirika. Aliuliza tunaoga saa hizi? Nikatikisa kichwa. Saumu akasema tunatia udhu. Akauliza udhu unahitaji maji kiasi gani, Saumu akamwonyesha kopo. Madamu akalitazama kopo, akaitazama ndoo iliyojaa mpaka ukingoni.

"Kopo moja? Na mnachemsha ndoo nzima?"

"Maji yakipungua hita inaungua, Madamu," Saumu akasema. "Lazima ndoo ijae."

"Na maji yanayobaki?"

"Yanapoa. Tunayamwaga."

"Kila chumba?"

"Kila chumba cha watu wa pwani."

Madamu alikaa kitandani kwangu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaomba kitambaa. "Na sisi tumemgombeza mzee wa watu kwa redio!" Kisha akaniangalia miguu, kwa sababu ilikuwa imepasuka. Nilitegemea achukue hita. Aliiacha palepale ndooni, akatuambia tusali, na yeye akasubiri nje kwenye korido mpaka tulipomaliza. Kisha akarudi kutuuliza nyumbani kwetu maji ya udhu tunayapataje. Saumu akasema kwetu maji ni ya moto yenyewe. Mimi nilikuwa na jibu lakini halikutoka.

Siku chache baadaye kamati ikakaa, na Madamu akaomba wawili kati yetu tuhudhurie. Saumu akakataa. "Sisi tunahama, Rukia. Shida zao wenyewe." Mimi nikaenda, si kwa ujasiri, bali kwa sababu sijui kumwambia mtu mzima hapana.

Mkutano ulikuwa kwa Kiingereza. Makamu mkuu wa chuo alishafika na uamuzi wake: umeme wa bweni uzimwe usiku mpaka jua litoke. Ni rahisi, akasema, swichi moja tu. Nikafikiria udhu, nikafikiria kifua changu, nikafikiria wenzetu wanaoamka kusoma mapema. Madamu akasema, "Kabla hatujaamua, Rukia ana neno." Mimi? Nikasimama. Nikaanza kwa Kiingereza, sentensi ikafika katikati ikafa.

"Sema kwa Kiswahili," akasema Madamu. "Mita haina lugha."

Halafu akanisubiri. Mama, sijui nikueleze vipi. Walimu wangu wote nikikwama walikuwa wananimalizia sentensi, kwa huruma, na sentensi wanayoimalizia si ile niliyokuwa nayo. Huyu aliweka kalamu chini akasubiri, na makamu alipotaka kusema akamwinulia kiganja. Basi nikasema. Nikasema kwetu Bibi akishapika chakula cha usiku haumwagii moto maji. Anasogeza makaa, anayafunika majivu, anateleka sufuria juu ya mafiga, na adhana ikiadhiniwa maji yana uvuguvugu, hakuna aliyeamka kuwasha kitu.

"Kwa hiyo tujenge mafiga bwenini?" makamu akauliza, na watu wakacheka. Mimi nikakaa.

Madamu hakucheka. Akamgeukia Gwamaka, mpishi mkuu. "Jikoni kwetu moto unazimwa saa ngapi?"

"Hauzimwi, Madamu. Unajifia wenyewe. Maharage yakiiva usiku, makaa yanabaki yanapasha ukuta mpaka asubuhi. Paka wote wa Tukuyu wanalala pale."

"Basi chuo kinalipia joto la paka," akasema Madamu, "halafu kinalipia tena la wanafunzi." Akaomba apewe mpaka mwisho wa muhula kujaribu, na mimi niingizwe kwenye kamati. Makamu akakubali, ila akaonya kwamba swichi ikijikata tena baada ya hapo, anazima.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa aibu. Tulikuwa tumeweka pipa la maji juu ya jiko kubwa baada ya maharage kuepuliwa, bila mfuniko. Maji yakawa ya baridi, yana masizi, na yananuka maharage. "Jamani, leo tumetia udhu kwa supu!" Saumu akapiga kelele koridoni, na tangu siku hiyo kuna walioniita Rukia Maharage. Nilirudi nikajifunika blanketi. Nikasikia vicheko vinakatika ghafla, nikachungulia: Madamu yupo uani, ameinamia ndoo ya maji yale, ananawa uso na mikono kwa supu hiyohiyo mbele ya wote. Akaenda darasani akinuka maharage, akafundisha vipindi vyake vyote. Mtu aliyekuja kumtania alijibiwa, "Ni jaribio langu mimi. Mcheke mimi." Mama, jaribio lilikuwa langu pia, lakini kicheko alikichukua peke yake.

Gwamaka akatafuta mfuniko. Masizi na harufu vikaisha, lakini maji yalikuwa yanapoa kabla ya Alfajiri. Tulizunguka pipa tunalitazama kama mgonjwa. Ndipo Madamu akakumbuka kwamba mama yake, akienda kuchuma chai, alikuwa anakifunga chungu cha uji kwa majani makavu ya migomba, tabaka juu ya tabaka, na wao wakitoka shule wanakuta uji bado una joto. Mchana ule tukaenda kwenye migomba ya chuo kuvuna majani makavu. Nilijikata kidole, nikalowa mpaka kwenye mifupa, na sikumbuki nikiwa na furaha namna ile tangu nije huku. Tukalivika pipa majani kiunoni na begani, mbali na makaa, tukalifunga kwa kamba, Gwamaka akalipigapiga mgongo. "Sasa limevaa koti. Mtoto huyu haugui tena."

Alfajiri yake maji yalikuwa na uvuguvugu. Si ya moto, Mama. Uvuguvugu tu, kama yale ya Bibi. Wasichana walikuja na makopo yao, wakapanga foleni, hakuna aliyeniita Maharage. Saumu alinawa, akanawa tena. "Haya," akasema, "supu imeiva."

Ungedhani hapo ndipo Madamu alipojipongeza. Ninachompendea ni kwamba hakuridhika. Alimshuku Gwamaka. Akaenda kwenye rundo la kuni, akachora mstari wa chaki ukutani usawa wa magogo, akatuomba mimi na mwenzangu mmoja wa kamati tuangalie kila jioni. Rundo likawa linashuka haraka kuliko zamani. Akamwita mpishi, na Gwamaka akakiri bila kubanwa.

"Nawaonea huruma, Madamu. Watoto wa bahari hawa. Naongeza magogo mawili matatu kabla sijaondoka."

"Ndaga fijo, Gwamaka," akamwambia, yaani asante sana. "Huruma yako naijua. Lakini tukiokoa umeme tukamaliza miti, tumefanya nini? Tumehamisha tu uharibifu kutoka kwenye waya kwenda mlimani."

Gwamaka akaacha. Siku mbili tatu maji yakapungua joto kidogo, wenzangu wakalalamika, Madamu akaongeza majani kwenye pipa. Yakatosha. Sasa rundo linashuka kutoka kwenye mstari wa chaki kwa mwendo wake wa zamani. Na wageni wa chuo walipokuja wakasifu, nilimsikia akiwaambia kwamba bado, jiko lenyewe linakula kuni nyingi na moshi wake unaumiza wapishi, kwa hiyo asisifiwe kwa pipa wakati jiko liko vilevile. Nilijua kuna watu wenye akili. Sikujua kuna mtu anayesifiwa halafu yeye mwenyewe anaonyesha penye tundu.

Hita hakuzinyang'anya. Aliweka boksi mlangoni kwa matroni akasema anayeona haihitaji tena aiache humo, atarudishiwa akienda likizo. Boksi lilijaa polepole. Yetu Saumu aliipeleka mwenyewe, akiibusu kwanza kama anayeaga maiti. Swichi kuu imeacha kujikata, na makamu hakuzima kitu. Juzi alikuja jikoni amevaa suti, akaomba kopo, akanawa mikono, akarudisha kopo, akaondoka. Gwamaka anasema hiyo ndiyo asante yake.

Sasa kila asubuhi naangalia mita na pipa pamoja na wenzangu wa kamati, na nasema mbele yao. Si maneno mengi. Lakini nikianza sentensi naifikisha.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakagua majani ya pipa, mimi na Madamu, akasema muhula ujao anataka tujaribu kupitisha bomba nyuma ya ukuta wa jiko, maji yajipashe yakienda bwenini. Akaniuliza, "Utakuwepo?" Alinisubiri kama kawaida yake, na safari hii sikuwa na la kusema, kwa sababu nilikuwa nimeapa na Saumu. Ndipo nilipojua kwamba nataka kuwepo.

Hapo ndipo penye maumivu yangu, Mama. Baba namjua, atanuna, halafu atakuuliza wewe unaonaje, na ukimwambia aniache nijaribu, ataniacha. Mwambie simkatai. Mwambie mguu haupasuki tena, na kifua nikibanwa kuna zahanati karibu, na nitaenda, sitaficha kama zamani. Lakini Saumu je? Ameshaanza kufungasha. Anawaambia watu koridoni, "Sisi wa Tanga tunaondoka, mtatukumbuka," na mimi natabasamu tu. Kumbuka ni yeye aliyelala nyuma ya mgongo wangu wiki zile za kwanza ili nipate joto, na ni yeye aliyenitetea kila niliposhindwa kujibu. Nikimwambia nabaki, nitakuwa nimemwacha njiani. Nisipomwambia, atapanda basi akijua nakuja nyuma. Kila siku nasema leo nitamwambia, na kila siku namwonyesha meno.

Nisalimie Bibi, umwambie mafiga yake yamejadiliwa kwenye mkutano wa Kiingereza. Msalimie Shangazi, sijanenepa ila nakula ndizi mpaka nazitoa masikioni. Baba Mdogo mwambie kahawa niliyomwahidi nitaituma. Idi mwambie akiwa mkubwa aje aone mlima usiovua koti la mawingu. Na Baba mpe shikamoo yangu kwanza kabla ya mengine yote.

Nasikia ndala za Saumu zinakuja koridoni, na wimbo wake ule. Tangu asubuhi kila alipoingia nimekuwa nikiifunika barua hii kwa kitabu, nikijifanya najisomea. Ameshafika mlango wa jirani, wanataniana. Sasa anakuja. Kitabu nimekiweka kitandani. Kurasa za mwanzo nimezigeuzia upande wake wa meza, maandishi juu, ile yenye jina la Tukuyu na neno langu la kwanza ikiwa ya juu kabisa, na mikono nimeitoa.

Ameingia, Mama. Anauliza ni barua ya nani. Nimemwambia asome.

Mwanao,
Rukia